Bonge la Damu Katika Mapafu: Kisu cha Daktari na Kazi Yetu Nyumbani



Liko jambo moja liwafadhaishalo watu sana katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang, nalo ndilo tunalotaka kulieleza mwezi huu. Mtu amepasuliwa hospitalini, na kidonda chake kinakauka vizuri. Au mama amejifungua salama, na jamaa wanamletea uji. Au kijana aliyevunjika mguu amefungwa plasta, na maumivu yamepungua. Siku saba zapita, au kumi, na watu wote wasema, “Amepona.” Halafu asubuhi moja mgonjwa ainuka kitandani ili aende chooni, mara ashika kifua, pumzi yampotea, jasho lamtoka, aanguka. Kabla daktari hajafika amekwisha kufa.

Ndipo maneno huanza. Mmoja asema kwamba madaktari wamemwua. Mwingine asema kwamba hapa pana mkono wa mtu, naye amtaja jirani ambaye waligombania mpaka wa shamba. Mwalimu wa kanisa huitwa matangani, na huko huulizwa, “Mwalimu, imekuwaje?” Asipojua la kujibu, hunyamaza, na kunyamaza kwake watu hukuhesabu kuwa ni kukubali. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kila mwalimu na kila mwinjilisti ajue habari za ugonjwa huu. Si kila kifo cha ghafula hutokana nao, lakini vifo vingi vya namna hii tuliyoitaja hutokana nao. Jina lake kwa maneno mepesi ni bonge la damu katika mapafu.

Wengine wenu mmesikia kwamba madaktari wa siku hizi waweza kufungua kifua cha mtu na kulitoa bonge hilo. Ni kweli, nasi tutaeleza jinsi kazi hiyo ilivyoanza na jinsi inavyofanywa. Lakini mtaona pia kwamba wapasuaji wenyewe, tangu mwanzo, walitafuta njia ya kukiepuka kisu hiki, na kwamba njia waliyoiona yaanzia kitandani pa mgonjwa, mahali ambapo ninyi mwafika kila juma.

1. Jinsi bonge linavyofanyika

Damu ya mtu haikai mahali pamoja. Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto huisukuma damu safi kwenda mwilini mwote, hata vidole vya miguu. Damu hiyo ikiisha kufanya kazi yake hurudi kwa mishipa mingine, ikaingia upande wa kuume wa moyo. Na upande huo huisukuma kwenda mapafuni ili ipate hewa mpya. Kisha hurudi upande wa kushoto, na safari yaanza tena. Basi kila tone la damu litokalo miguuni lazima lipite mapafuni kabla halijatumwa tena mwilini. Neno hili likumbukwe, maana somo lote lategemea hapo.

Damu ina tabia ya kuganda, nayo ni tabia njema: mtu akijikata kwa jembe, damu huganda penye jeraha, asije akaishiwa na damu. Lakini ikiganda ndani ya mshipa, hapo ndipo penye hatari. Twajua sote kwamba maziwa yakiachwa yatulie katika kibuyu huganda. Damu nayo ikitulia mno huelekea kuganda, ingawa sababu zake si zile za maziwa. Na mahali inapotulia upesi ni miguuni, kwa kuwa kutoka huko yapanda kwenda moyoni, kama maji yapandishwayo mlimani. Kinachoipandisha ni nyama za shavu la mguu: kila hatua mtu apigayo, nyama hizo huibana mishipa na kuisukuma damu juu. Mtu alalaye bila kujongea amelisimamisha bomba hilo.

Zamani wataalamu walidhani kwamba bonge laonekanalo katika pafu la maiti limefanyika papo hapo katika pafu. Aliyelionyesha kosa hilo ni daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, katika miaka ya 1840 na 1850. Yeye alizipasua maiti nyingi, akafanya na majaribio kwa wanyama, akaonyesha kwamba bonge huanza mbali, mara nyingi katika mishipa ya miguu au ya nyonga. Kisha kipande hukatika, kikachukuliwa na damu mpaka moyoni, kikapita moyoni, na mwisho kikakwama katika mishipa ya mapafu, kama gogo lililochukuliwa na mto likakwama chini ya daraja.

Tangu siku zake madaktari hufundishwa mambo matatu yaletayo bonge: damu kutulia, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa tayari kuganda kuliko desturi. Sasa tuwatazame watu wetu. Aliyevunjika mguu, mishipa yake imeumia, na tena amelala. Aliyepasuliwa tumbo ni vivyo hivyo. Mama mjamzito, na hasa mzazi katika majuma sita baada ya kujifungua, damu yake imetayarishwa kuganda ili asitokwe na damu nyingi wakati wa kuzaa; akiwa amezaa kwa kupasuliwa, mambo yote matatu yamekutana kwake. Kadhalika wamo hatarini wenye saratani, wazee waliolala muda mrefu, waliopungukiwa na maji mwilini, wenye kifua kikuu, wenye virusi vya UKIMWI, na wale waliokwisha kupatwa na bonge mara moja.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka mlima Hanang, vikaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi wakajeruhiwa. Msiba kama huo ukitokea, sote huwaombolezea waliokufa siku ile. Lakini majeruhi waliovunjika mifupa, walazwao majuma mengi, nao wabaki katika hatari hii tunayoieleza, hata baada ya wageni waliokuja kuwafariji kurudi makwao.

2. Dalili zake

Bonge likiwa bado mguuni, mara nyingi mguu mmoja huvimba kuliko mwingine. Huuma, hasa katika shavu la mguu au paja. Huwa na joto kuliko mwenziwe, na rangi yake huenda ikabadilika. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, mara nyingi sababu ni nyingine; lakini mguu mmoja ukivimba kwa mtu aliyelala au kwa mzazi, jambo hilo lisingojewe hata kesho. Tena wako ambao mguu wao hauonyeshi neno lo lote.

Bonge likifika pafuni, pumzi huwa fupi kwa ghafula, kifua huchoma kama kisu mtu anapovuta pumzi, moyo hupiga mbio, mwingine hukohoa damu, mwingine huzimia. Najua mtasema, “Kukohoa damu si kifua kikuu?” Yaweza kuwa hicho. Lakini kifua kikuu huja polepole, kwa majuma na miezi, pamoja na homa za usiku na kukonda. Bonge huja kama mwizi, kwa saa moja. Kuyapambanua ni kazi ya daktari; kazi yetu ni kumfikisha mgonjwa kwake.

Bonge dogo huziba mshipa mdogo, na mtu huweza kupona, pengine pasipo kujua lililompata. Bonge kubwa huuziba mshipa mkuu uendao mapafuni. Hapo upande wa kuume wa moyo husukuma bila kupata njia, hutanuka kama mfuko uliojazwa kupita kiasi, nao hushindwa. Watu wafao kwa bonge kubwa, wengi wao hufa katika saa za kwanza. Ndiyo sababu upasuaji wa ugonjwa huu, tangu ulipoanza, umekuwa mashindano na saa.

3. Jinsi kisu kilivyoanza

Mtu wa kwanza aliyethubutu ni Friedrich Trendelenburg, mpasuaji wa mji wa Leipzig huko Ujerumani. Alikuwa amewaona wagonjwa wake, waliopasuliwa vema, wakifa kwa ghafula. Mwaka 1908 alieleza njia yake: kufungua kifua upande wa kushoto, kuibana mishipa mikuu itokayo moyoni, kupasua mshipa uendao mapafuni, kulitoa bonge kwa koleo, na kuziba tena, yote haya kwa muda mfupi kuliko mtu awezavyo kuishi bila damu kupita. Akafanya hivyo kwa wagonjwa, lakini hakuna hata mmoja aliyetoka hospitalini akiwa mzima.

Ikapita miaka 16. Mwezi wa Machi 1924, Martin Kirschner alimpasua mwanamke katika mji wa Königsberg kwa njia ile ile. Mwanamke huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri siku chache kabla, kisha bonge likamshika. Yeye alipona. Trendelenburg alikuwa yu hai bado, mzee wa miaka 79, akapata kusikia kwamba kazi yake haikuwa bure. Akafa Desemba ya mwaka ule ule.

Hata hivyo waliopona katika miaka iliyofuata walikuwa wachache sana. Huko Sweden mpasuaji Clarence Crafoord alifanikiwa mara mbili katika miaka ya 1920, na jina lake likasifiwa. Sasa angalieni alilofanya mtu huyo baadaye. Mwaka 1916, katika mji wa Baltimore huko Marekani, mwanafunzi Jay McLean alikuwa ameona katika ini la mbwa kitu kizuiacho damu isigande. Kitu hicho kiliitwa heparini, kwa neno la Kiyunani la ini. Dawa hiyo ilipokwisha kusafishwa, Crafoord alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwapa wagonjwa waliotoka kupasuliwa, ili bonge lisifanyike kabisa. Naye alitoa habari zake mwaka 1937. Basi yule aliyeweza kulitoa bonge kwa kisu kuliko wengi wa wakati wake, ndiye aliyetafuta namna ya kukifanya kisu kisihitajiwe.

Jambo jingine lilitokea Boston mwanzoni mwa miaka ya 1930. Daktari kijana, John Gibbon, aliwekwa usiku kucha amwangalie mwanamke aliyepatwa na bonge baada ya upasuaji. Alimwona akipungukiwa na pumzi saa baada ya saa, mishipa ikivimba, damu ikiwa nyeusi. Asubuhi, mapigo yalipotoweka, bwana wake Churchill alimfungua kifua na kulitoa bonge kwa muda wa dakika sita na nusu. Lakini mgonjwa akafa. Usiku ule Gibbon aliwaza hivi: kama ingewezekana kuitoa ile damu nyeusi, kuitia hewa nje ya mwili na kuirudisha, mwanamke huyu angeishi, na mpasuaji angepata nafasi ya kufanya kazi pasipo haraka. Alifanya kazi kwa miaka zaidi ya 20, pamoja na mkewe, wakitengeneza mashine ya namna hiyo. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, alimpasua msichana wa miaka 18 na kuziba tundu la moyo wake, na mashine ikafanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda wote huo. Msichana alipona.

Basi mashine itumiwayo leo ulimwenguni kote katika upasuaji wa moyo ilizaliwa kwa sababu ya ugonjwa huu. Hata hapa Tanzania iko. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam.

4. Jinsi inavyofanywa siku hizi

Mwaka 1961 Denton Cooley na wenzake wa Houston walitoa habari za kulitoa bonge la mapafu kwa msaada wa mashine hiyo, na tangu hapo ndivyo ifanywavyo. Mgonjwa hulazwa usingizi. Mfupa wa kifua hukatwa katikati, kutoka juu hata chini. Damu huelekezwa kwenye mashine. Mpasuaji huufungua mshipa mkuu wa mapafu, huyatoa mabonge kwa koleo na kwa kuyafyonza, hutazama kuume na kushoto kama yamebaki mengine, kisha huushona mshipa. Mabonge yatokayo mara nyingi ni marefu, yenye umbo la mshipa wa mguu ule yalimofanyika. Na huo ni ushahidi wa kwamba Virchow alisema kweli.

Lakini si kila mwenye bonge hupasuliwa. Ni wachache tu. Walio wengi hutibiwa kwa dawa zizuiazo damu kuganda, yaani sindano za heparini na vidonge vya namna mbalimbali. Dawa hizi haziliyeyushi bonge. Hulizuia lisikue na kuzuia mengine yasifuate, huku mwili wenyewe ukiliyeyusha polepole. Nguvu yake ilithibitishwa huko Bristol, Uingereza, na madaktari Barritt na Jordan, waliotoa habari zao mwaka 1960. Kati ya wagonjwa 19 wasiopewa dawa, watano walikufa kwa mabonge, na watano wengine wakapatwa tena lakini wasife. Kati ya 16 waliopewa dawa, hakufa hata mmoja kwa bonge. Madaktari wale wakaona si haki kuendelea kumnyima mtu dawa, wakawapa wote.

Bonge likiwa kubwa, na nguvu ya damu ikianguka, ziko dawa nyingine kali ziliyeyushazo bonge lenyewe. Walakini dawa hizo huweza kuleta kutokwa na damu kwingi, kwa hiyo ni hatari kwa mtu aliyepasuliwa juzi au mama aliyejifungua jana. Hapo ndipo kisu kina mahali pake: bonge ni kubwa, moyo unashindwa, na dawa ya kuyeyusha haiwezi kutumiwa au imetumiwa bila kufaa. Siku hizi madaktari wa miji mikubwa hutumia pia mrija mwembamba upitishwao katika mshipa wa paja mpaka pafuni, ili kulivunja au kulifyonza bonge pasipo kufungua kifua.

Uko upasuaji wa namna nyingine tena. Kwa watu wachache, bonge haliyeyuki hata baada ya miezi ya dawa, bali hugeuka kuwa kovu gumu lililoshikamana na ukuta wa mshipa. Mtu huyo huhema akipanda hata kilima kidogo, miguu yake huvimba, na moyo wake wa kuume huchoka mwaka kwa mwaka. Kovu hilo halivutwi kwa koleo. Lazima libanduliwe pamoja na ngozi ya ndani ya mshipa. Ili mpasuaji aone vizuri, mwili wa mgonjwa hupozwa hata kufikia joto la digrii 20 hivi, na damu husimamishwa kabisa, kwa vipindi visivyozidi dakika 20 kila kimoja. Kazi hii ilikuzwa sana katika mji wa San Diego huko Marekani tangu mwaka 1970, na Uingereza hufanywa katika hospitali ya Papworth, Cambridge. Hospitali ziiwezazo ni chache duniani. Lakini yafaa kujua habari yake, maana mtu aliyepona bonge, kisha baada ya miezi mitatu ya dawa bado anahema, asiambiwe kwamba ni uvivu au uzee. Arudi kwa daktari, apelekwe akapimwe moyo.

5. Kazi yetu sisi

Kutoka Katesh mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Mtu ambaye bonge kubwa limemshika kijijini, na moyo wake umeanza kushindwa, ni shida sana kumfikisha akiwa hai mahali penye mashine ya Gibbon. Hatusemi haya ili kuwavunja moyo. Twasema ili mjue kwamba kwetu sisi njia zilizo nyingi za kumwokoa zipo kabla ya saa hiyo, wala hazihitaji mashine. Hizi ndizo:

Kwanza, mgonjwa ainuke mapema. Wazee wetu walifundisha kwamba mzazi apumzike ndani siku nyingi, na desturi hii iko kwa Wairaqw na kwa Wadatoga, na kwa makabila mengine pia. Hatuitukani. Humpa mama chakula, joto na nafasi ya kupona. Lakini kupumzika si kulala bila kujongea. Madaktari wa Ulaya na Marekani wenyewe waliwalaza wazazi na waliopasuliwa kwa majuma, mpaka walipoanza katika miaka ya 1940 kuona kwamba walioinuka mapema walipata nafuu upesi zaidi, wakaiacha desturi yao. Basi mama akae nyumbani, lakini atembee chumbani na uani kila siku. Muuguzi akimwambia aliyepasuliwa ainuke siku ya kwanza au ya pili, jamaa wasimkaripie muuguzi, bali wamshike mgonjwa mkono.

Pili, asiyeweza kuinuka achezeshe miguu. Apinde nyayo juu na chini mara nyingi kila saa ya mchana, na jamaa wamsaidie. Tena anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amemkataza.

Tatu, mguu mmoja uliovimba usikandwe kwa nguvu, wala usichanjwe kwa wembe. Yule akandaye mguu kwa mafuta akidhani anatoa uchovu huenda analisukuma bonge kuelekea moyoni. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile: Haydom, ambako hospitali ya Kilutheri ilifunguliwa mwaka 1955, au hospitali ya wilaya, au iliyo karibu zaidi. Daktari wa huko ndiye atakayeamua kama yafaa kupelekwa mbele, kwa mfano KCMC huko Moshi.

Nne, mwenye kupatwa na pumzi fupi kwa ghafula asiachwe mpaka asubuhi. Aketishwe kwa namna apatayo nafuu, asitembezwe, achukuliwe kwa gari. Wachukuzi wamwambie daktari mambo matatu: alipasuliwa au kujifungua lini, amelala siku ngapi, na mguu wake ukoje. Maneno hayo machache huweza kuokoa saa nzima.

Tano, aliyepewa dawa za kuzuia kuganda azimalize kwa muda aliowekewa, ambao kwa kawaida haupungui miezi mitatu. Wengi huacha mara wanapoona nafuu. Asichanganye na dawa za miti shamba wala aspirini bila kuuliza. Akiona damu katika mkojo au choo, au fizi zikitoka damu, arudi upesi. Mwanamke akipata mimba, amwambie daktari mara moja, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivi humdhuru mtoto tumboni.

6. La kusema matangani

Sasa twarudi kwenye swali la mwanzo: “Mwalimu, imekuwaje?” Mwalimu si daktari, wala asijifanye daktari kwa kutaja sababu ya kifo asiyoihakikisha. Lakini aweza kusema hivi: uko ugonjwa ujulikanao tangu zaidi ya miaka 150, uwapatao watu wa kila nchi, wakubwa na wadogo, hata katika hospitali zilizo bora duniani; huja kwa ghafula wakati mtu aonekanapo amepona; hautumwi na jirani. Aweza kuwashauri jamaa wamwendee daktari aliyemtibu marehemu, wamwulize kwa adabu: alipewa dawa ya kuzuia kuganda? Alisaidiwa kuinuka? Tulikosa wapi, ninyi au sisi? Hilo ni swali la haki, maana hospitali nazo huweza kukosa, na hospitali iulizwayo hujifunza. Bali mashtaka yasemwayo gizani hayamfundishi mtu, nayo huacha watoto wa nyumba mbili wakiogopana kwa miaka mingi.

Tena mwalimu asisahau kwamba matangani wamo watu ambao bado waweza kuokolewa. Pengine yupo mama mwenye mtoto wa majuma mawili, aliyeketi pembeni na mguu mmoja umevimba, asiyetaka kusumbua watu katika msiba. Mwalimu aliyelisoma somo hili atamwona.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini bonge lililofanyika mguuni hukwama mapafuni, wala si mkononi au kichwani?
2. Taja mambo matatu yaletayo bonge. Katika kijiji chenu, ni watu gani walio nayo sasa?
3. Trendelenburg alishindwa, na Kirschner akafaulu baada ya miaka 16. Je, kazi ya Trendelenburg ilikuwa bure? Eleza.
4. Crafoord aliweza kulitoa bonge kwa kisu. Kwa nini baadaye alitafuta dawa ya kulizuia?
5. Mzazi wa nyumba ya jirani amelala siku nane bila kuinuka, na bibi yake asema ndiyo desturi. Utazungumzaje na bibi huyo kwa heshima?
6. Mtu amekufa kwa ghafula siku ya tisa baada ya kupasuliwa, na jina la jirani limeanza kutajwa. Utasema nini, na nani aende hospitali kuuliza?